Mama zetu kwenye Amida: tukiwataja Sara, Rebeka, Raheli na Lea, Bilha na Zilpa tuwaache?

Mama Tirza, Tudor

Hamjambo nyote. Wazee, shikamooni.

Nina swali la sala na nitalieleza kwa urefu, maana nikilikata fupi halitaeleweka.

Tuko Tudor hapa Mombasa, familia tatu tunaosali pamoja sebuleni kwetu. Mume wangu ni Myahudi wa Mbale, Uganda, wa jamii ya Abayudaya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kazi ya bandarini ndiyo iliyomleta huku. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, nililelewa Kianglikana, nikaingia Uyahudi kwa njia inayotakiwa: masomo, kuhojiwa na marabi watatu, kisha kuzama kwenye mikve, birika la kujitakasia. Ijumaa tunawasha mishumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama, kwa hivyo adhana ya magharibi ikisikika sisi tumeshatulia, mikate miwili iko mezani imefunikwa kitambaa. Mikate naikanda kwa tui la nazi badala ya maziwa, ili iliwe pamoja na nyama.

Binti yetu Tirza anatimiza miaka 12, na bat mitzva yake (siku ya binti kuanza kubeba wajibu wa dini) itakuwa mwezi wa Kislevu, Shabati ya parasha (kisomo cha Torati cha juma) ya Vayishlach. (Jina lake tulilitoa Hesabu 27, kwa wale mabinti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao wakapewa.) Wageni watatoka Mbale na Nairobi, kwa hivyo minyani (watu kumi wa sala ya pamoja) itatimia, na kwetu hilo ni nadra. Tirza ataongoza sala ya asubuhi kwa Kiebrania. Mimi natayarisha karatasi ya Kiswahili kwa ajili ya mama yangu, mashangazi, na majirani watakaokuja.

Baraka ya kwanza ya Amida (sala yetu kuu, tunayoisali tumesimama), kwa wasioijua, inamwita Mungu kwa majina ya wazee: "Mungu wetu na Mungu wa baba zetu, Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo." Inafungwa kwa kumwita "ngao ya Ibrahimu". Ndiyo mlango wa sala yote. Asubuhi, alasiri, jioni, Myahudi anaingia kwa mlango huo.

Nilimpa mama rasimu aisome. Akavaa miwani, akaishusha karatasi mwangani, akawa anapitisha kidole mstari kwa mstari huku midomo ikicheza. Kidole kilipofika kwa Yakobo kikasimama. "Na wake zao je?" Nikamweleza kwamba siku hizi ziko siduri (vitabu vya sala) zinazowataja mama wanne pale pale: Sara, Rebeka, Raheli, Lea. Akahesabu kwa vidole, akaniangalia. "Yakobo alizaa na wanawake wanne, mwanangu. Hapa naona wawili."

Anasema kweli. Bilha alimzaa Dani na Naftali. Zilpa alimzaa Gadi na Asheri. Makabila manne kati ya 12. Labani aliwatoa wale wasichana wawili kuwa wajakazi wa binti zake walipoolewa, kisha Raheli na Lea wakawatoa kwa Yakobo. Hakuna aliyewauliza.

Mama haulizi kwa udadisi tu. Yeye ni wa ukoo wa Frere Town. Watu wa Mombasa wanaijua historia: mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana waliweka makazi ng'ambo ya kisiwa kwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Kwetu babu aliyebatizwa pale anatajwa kwenye kila shughuli, harusi na matanga. Mkewe, aliyeshushwa kwenye jahazi akiwa msichana, anatajwa hivi: "na mkewe." Basi. Mama amesikia hiyo "na mkewe" maisha yake yote.

Kwa hivyo nasema msimamo wangu mapema. Nataka Tirza ataje wote sita. Asubuhi ileile atasoma kwa sauti yake Mwanzo 35:25-26, ambapo Torati yenyewe inawataja Bilha na Zilpa pamoja na wana wao. Sioni vipi mtoto awatamke kwenye kisomo na kuwaruka kwenye sala.

Naomba msaada kwa mambo mengine pia yanayonikwama kwenye karatasi: "Bwana", "Mfalme wa ulimwengu", na ile baraka ya asubuhi ambayo mwanamume anamshukuru Mungu kwa kutomuumba mwanamke. Hiyo ya mwisho siwezi kumpa mama aisome. Siwezi hata kuichapa.

Mzee wa Ngong

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa binti, na hongera kwa kumtafutia nyanya yake namna ya kufuata sala. Wengi huwaacha wazee wakae tu wakisubiri chakula.

Mimi nimesali kwa siduri ya zamani tangu utotoni hapa Nairobi, kwa hivyo nitakujibu kama mtu wa zamani.

Kwanza, Kiswahili chako usikione ni maelezo ya pembeni. Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za wahenga), Sota 7:1, inahesabu mambo yanayoweza kusemwa kwa lugha yoyote, na Amida imo, Shema ("Sikia, Israeli") imo, baraka baada ya chakula imo. Mama yako akisoma karatasi ile kwa nia ya kusali, amesali. Ndiyo maana nina wasiwasi na kila neno unalolitia.

Talmudi (majadiliano ya wahenga juu ya Mishna), Berakhot 40b, inasema anayebadilisha muundo ambao wahenga waliupigia chapa katika baraka hajatimiza wajibu wake. Na majina matatu ya baraka hii hayakuchaguliwa na kamati ya wanaume. Yametoka kwenye kichaka kilichowaka moto, Kutoka 3:15, Mungu mwenyewe akimwambia Musa: Mungu wa baba zenu, Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo, hili ndilo jina langu. Mtu akijitambulisha kwako kwa jina lake, humwongezei.

Kuhusu Bilha na Zilpa, wahenga wamekwisha kusema. Berakhot 16b: hawaitwi "baba" ila watatu, wala hawaitwi "mama" ila wanne. Mambo yamefungwa hapo.

Lakini usidhani mama zetu hawana mahali. Ijumaa usiku mnapomwekea Tirza mikono kichwani mnasemaje? "Mungu akufanye kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea." Mahali pao ni hapo. Na ndani ya Amida mna nafasi ya mtu kusema la moyoni. Siku za kazi ni ile baraka ya "Msikia maombi". Shabati baraka hiyo haipo, kwa hivyo aliweke mwishoni, penye "Mungu wangu, ulinde ulimi wangu na mabaya". Pale binti anaweza kumtaja Bilha, Zilpa, na nyanya yake wa jahazini, na hakuna rabi duniani atakayemzuia.

Mwanafunzi wa Mbale

Shemeji, tunakusalimu kutoka mlimani. Tirza wetu tutamwona Kislevu Mungu akipenda, gari limeshapatikana.

Nimesoma maneno ya Mzee kwa heshima, na vyanzo vyake ni sahihi. Ila kwa sisi tunaofuata Umasorti (mrengo wa kati wa Uyahudi, unaoshika sheria na kukubali mabadiliko) hayaishii hapo.

Mwaka 1990 kamati ya sheria ya Wamasorti wa Marekani ilipitisha jibu la Rabi Joel Rembaum linaloruhusu kuwataja mama wanne katika baraka ya kwanza. Siduri ya Sim Shalom ya mwaka 1998 ikachapa namna mbili, ya zamani na yenye mama, kila mmoja achague. Mwisho wa baraka, baada ya "ngao ya Ibrahimu", wanaongeza maneno ya Mwanzo 21:1, pale Mungu alipomkumbuka Sara. Wayahudi wa Reform (mrengo wa mageuzi) huko Marekani wanafunga kwa "msaada wa Sara", na siduri yao ya mwaka 2007, Mishkan T'filah, imeondoa "yeye mwanamume" inapomtaja Mungu katika tafsiri ya Kiingereza yote. Waliberali wa Uingereza walikuwa wameshafanya hivyo mwaka 1995. Kwa hivyo kwa mama wanne, shemeji, huna haja ya kumwomba mtu radhi.

Juu ya kuongeza kitu kwenye baraka ya kwanza: kati ya Rosh Hashana (mwaka mpya) na Yom Kipuri (siku ya upatanisho) sote, na Mzee wetu akiwemo, tunachomeka "Utukumbuke kwa uzima" ndani ya baraka hiyohiyo. Maneno hayo hayamo kwenye Talmudi. Yaliingia zama za Wageoni (marabi wakuu wa Babeli baada ya Talmudi), na walikuwepo Wageoni walioyapinga kwa hoja hiihii. Leo ukiyasahau unajisikia umepungukiwa.

Sasa Bilha na Zilpa. Berakhot 16b inasema wanne. Lakini funga mlango huo taratibu, kwa sababu Midrashi (mafafanuzi ya wahenga juu ya Torati), Bamidbar Rabba 12:17, inauliza kwa nini wakuu wa makabila walileta magari sita yaliyofunikwa kwa ajili ya hema, Hesabu 7:3. Moja ya majibu: sita kwa ajili ya mama sita, Sara, Rebeka, Raheli, Lea, Bilha na Zilpa. Wameitwa "mama" wazi kabisa, na wahenga waliojua vizuri Berakhot inasema nini. Tirza akitaka kitu cha kufundisha siku yake, basi ni hicho. Mbao za hema, nguzo zake, vitako vyake, vyote vilipakiwa kwenye magari yale.

Na mtu akikuambia Amida ni mali ya wanaume, mwonyeshe Berakhot 31a. Namna tunavyoisali, midomo ikicheza na sauti isisikike, wahenga wameifunza kwa Hana, 1 Samweli 1:13. Mwanamke aliyedhaniwa amelewa ndiye mwalimu wetu wa sala.

Ile baraka ya asubuhi inatoka Menahot 43b. Siduri za Masorti zimeibadilisha tangu mwaka 1946: "aliyeniumba kwa mfano wake", na wote wanaisema, mume na mke. Chapa hiyo uendelee na kazi. Na kama Tirza atapenda, mwambie kwamba mwaka 1471 huko Italia mwandishi Abraham Farissol alimwandikia mwanamke mmoja siduri kwa mkono, na baraka ya mahali pale inasema: umeniumba mwanamke, si mwanamume. Zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Mwalimu wa Kibokoni

Asalaam aleikum, Mama Tirza, na wote. Mimi ni Mwislamu wa Mji wa Kale, nafundisha Kiswahili sekondari. Sitaingia kwenye sheria zenu, ila ulipomtaja yule bibi wa "na mkewe" nilishindwa kupita kimya.

Kwetu sisi jambo hili lina sura nyingine. Pwani hii mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alikuwa mwungwana, akarithi sawa na ndugu zake wa tumbo la mke wa ndoa. Nasaba ikafuata baba. Mimi naweza kukutajia baba zangu kizazi baada ya kizazi. Nikifika kwa mama mzaa mmoja wao naambiwa tu "alikuwa mtu wa bara". Watoto wake wakapata kila kitu, yeye jina halikubaki. Nimesoma hapo juu habari za Dani na Naftali na Gadi na Asheri, makabila kamili, urithi kamili, na mama zao wanagombaniwa kama watajwe. Dada yangu, naijua nyumba hiyo.

Sisi katika hija tunaye Hajiri. Kila anayekwenda Makka, mwanamume na mwanamke, mfalme na mchuuzi, anakwenda Safa na Marwa mara saba kwa sababu mjakazi mmoja alikimbia pale akimtafutia mwanawe maji. Hatusemi tu jina lake, tunatembea alipotembea. Kwa hivyo mtu akiniambia mama mjakazi hana nafasi ndani ya ibada, mimi sielewi.

Sasa Kiswahili. Kazi yako ni nyepesi kuliko ya Waebrania. Nimeambiwa kwao hata "wewe" na kitenzi vina ume na uke. Sisi "amebariki" haisemi ni nani. Mzigo wote uko kwenye nomino, na nomino zako ni tatu: Bwana, Baba, Mfalme.

"Bwana" iondoe. Najua Biblia ya Union imeizoesha masikio. Lakini nje ya kanisa, mtoto wa Mombasa akisikia "bwana" anasikia mume wa mtu, na kwa ukoo wa Frere Town bwana ni yule aliyemiliki watu. Mama yako asipewe neno hilo. Andika "Mwenyezi". Mji huu wote, msikitini na kanisani, unalijua.

"Baba zetu" weka "wazee wetu". Mzee ni mzee, awe bibi au babu.

"Mfalme wa ulimwengu": usiandike "Malkia", watu watasimama hapo hapo waanze mjadala na sala itawatoka. "Mwenye kumiliki ulimwengu" inabeba ufalme wote na haimvalishi mtu kanzu.

Jambo la mwisho. Kwenye sala usiandike "mjakazi" wala "suria". Jina tupu. "Mungu wa Bilha."

Mama Tirza, Tudor

Mwalimu, wa aleikum salaam. Nimemsomea mama maneno yako jikoni, akaniomba nirudie pale pa "mtu wa bara". Karibu siku hiyo. Nakuomba kwa dhati.

Shemeji, magari sita! Mimi nimesoma Hesabu 7 kila mwaka nikidhani ni orodha ya sahani za fedha tu. Tirza amekwisha kulichukua, ndilo litakuwa somo lake.

Mzee wangu, wewe ndiye ninayetaka kukujibu vizuri, maana umenijibu kwa upendo, na hoja yako ya kichaka cha moto nimelala nayo. Ni kweli kila Ijumaa tunambariki Tirza kwa majina ya mama wanne, na mimi ndimi ninayeanza, baba yake anafuata. Lakini pale tunamwombea mtoto awe mtu mwema. Kwenye Amida hatuombi kuwa kama Ibrahimu. Tunasimama mbele ya Mungu tukisema: wewe ndiye uliyeshikana na fulani, na sisi ni watu wa fulani, tusikilize. Majina yale ndiyo haki yetu ya kuingia. Sasa nani alishikana na Mungu? Rebeka mimba ilipomsumbua hakumtuma Isaka. Alikwenda yeye kumwuliza Mungu, na Mungu akamjibu yeye, Mwanzo 25:22-23, habari ya mataifa mawili tumboni ambayo Isaka hatusomi popote kwamba aliambiwa. Kwa Sara, Mungu alimwambia Ibrahimu asikilize sauti ya mkewe, Mwanzo 21:12. Hawa waliingia kwa miguu yao. Hawakuwa "na mkewe".

Mimi pia nimeingia agano hili kwa miguu yangu. Nilipotoka majini kwenye mikve nilipewa jina, na jina la Kiebrania la anayeingia Uyahudi linasema binti wa Ibrahimu na Sara. Wote wawili. Mlinipokea kwa majina mawili, kisha kila asubuhi nisali kwa moja?

Mzee wa Ngong

Hilo la mikve ni hoja. Nitalibeba.

Lakini nikubane mahali pamoja, binti yangu, kwa sababu umeniletea Rebeka na Sara na mimi nakubali waliongea na Mungu. Bilha na Zilpa je? Tafuta Torati yote. Mungu hakusema nao neno, wala wao hawakusema neno kwa Mungu. Hata majina ya watoto wao waliyatoa Raheli na Lea. Ukisema "Mungu wa Bilha" umesimamia nini? Kwa Rebeka una aya. Kwa Bilha una huruma yako, na huruma ni kitu kizuri, lakini si aya.

Na kuna jambo la kiutendaji. Kila mtu akisali kimya, hilo ni lake na Mungu. Tirza atakaporudia Amida kwa sauti, anawasalia wengine nao wanajibu amina. Mimi mzee nikiwa pale nitajibu amina juu ya baraka ambayo kwangu si baraka?

Mama Tirza, Tudor

Mzee, nimekaa na swali lako tangu juzi. Nimezisoma sura za 29 na 30 tena polepole, na ni kama ulivyosema. Hawasemi. Wanapewa, wanazaa, watoto wanaitwa majina na wengine.

Lakini hicho kimya ndicho kinachonishikilia. Yule bibi yetu pia hakuna alichosema kilichoandikwa. Kitabu cha kanisa kina siku yake ya ubatizo na jina alilopewa na wageni, na hapo panaishia. Je, hakusali? Usiku wa kwanza pale Frere Town, hajui lugha ya mtu, hajui mamake yuko upande gani wa bahari, hakumwita Mungu wake kwa jina lolote? Mimi siwezi kuamini. Aya inaniambia nini kiliandikwa, hainiambii nani alisikilizwa. Na Torati, Kutoka 2, inasema wana wa Israeli waliugua kwa ajili ya utumwa na Mungu akasikia kuugua kwao. Hawakuwa wamemwelekezea maneno. Waliugua tu, na hiyo ikatosha kuwatoa Misri. Nikisema "Mungu wa Bilha" nasimamia hapo.

Juu ya amina yako umesema haki, na sitaki mgeni wangu afungwe mdomo sebuleni kwangu. Tumezungumza na mume wangu na familia zile mbili, na tumekubaliana hivi. Amida ya kimya, Tirza na kila anayetaka watataja mama sita. Atakaporudia kwa sauti atafuata namna ya Sim Shalom yenye mama wanne, kwa kuwa ndiyo tuliyoruhusiwa na ndiyo iliyochapwa. Kabla ya kurudia atanyamaza kidogo, ili asiyetaka kujibu amina kwenye baraka hiyo ya kwanza apate nafasi ya kuendelea na maombi yake ya mwisho. Baraka zinazofuata hazina mgogoro.

Karatasi ya Kiswahili itakuwa na sita. Hiyo siiachi. Imekaa hivi sasa, na Mwalimu naomba uipitie:

"Umehimidiwa, Mwenyezi, Mungu wetu na Mungu wa wazee wetu, Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo, Mungu wa Sara, Mungu wa Rebeka, Mungu wa Raheli, Mungu wa Lea, Mungu wa Bilha na Mungu wa Zilpa, Mungu mkuu, mwenye nguvu, wa kuchiwa, unayelipa wema na kukumbuka fadhili za wazee, na kuwaletea ukombozi watoto wa watoto wao."

Raheli nimemtanguliza kwa Lea kwa kufuata Ruthu 4:11, ingawa Lea ndiye mkubwa. Shemeji, kama mna namna nyingine huko, niambieni.

Mwalimu wa Kibokoni

Imekaa vizuri. "Wa kuchiwa" ni Kiswahili chetu safi cha pwani, ila wageni wa Mbale na Nairobi wataulizana. Weka "wa kuogopwa". Na baada ya Isaka usitie "na" kwa Yakobo kama orodha inaendelea. Iache "na" moja tu, kwa Zilpa, ili wote tisa wawe kundi moja. Nitakuja, na nitaleta mahamri. Niambie tu niyakaange kwa mafuta gani.

Mwanafunzi wa Mbale

Kwetu wapo wanaomtanguliza Raheli na wapo wanaomtanguliza Lea. Fuata Ruthu. Kwa Kiebrania Tirza aongeze "Elohei Bilha velohei Zilpa" baada ya Lea, na "ve" ya Lea aiondoe, kwa sababu ileile aliyoisema Mwalimu.

Mzee wa Ngong

Nitasali yangu ya zamani, na nitakuwa pale. Kutoka 2 umeisoma vizuri, hilo nakiri mbele ya wote.

Nitapanda treni ya Alhamisi ili Ijumaa isinikute njiani. Kutoka kituo cha Miritini hadi kwenu Tudor ni gari gani? Na karatasi yangu ya Kiswahili nichapie kwa herufi kubwa, macho yamechoka.

Mama Tirza, Tudor

Mzee, usihangaike na matatu, mume wangu atakuja kukuchukua Miritini. Karatasi yako na ya mama nitazichapa kwa herufi moja, nyinyi wawili mtakaa karibu na dirisha lenye mwanga.

Mwalimu, mafuta ya mimea tu, chupa mpya, na sufuria nitakupa ya kwangu uje uikaangie hapa Alhamisi, maana Shabati jiko haliwashwi.